Sauti ya Mwenye Nyumba

Siku ya tatu tangu theluji ianze kuanguka mfululizo, Nakijwa Mbwambo alishuka peke yake katika stesheni ya Kamiyuki. Treni yenyewe ilikuwa behewa moja tu, halina dereva wala kondakta. Lilimshukuru kwa kusafiri, likamtakia siku njema, kisha likajitia ndani ya handaki la mlima na kupotea. Kwenye benchi la stesheni walikaa wazee watano wa vitambaa, wamevishwa makoti na kofia. Wanakijiji walikuwa na desturi ya kushona mwanasesere kila jirani alipofariki au kuhamia mjini, ili stesheni isibaki tupu. Siku yake ya kwanza Nakijwa alimwamkia mmoja wao kwa heshima zote, akasimama kusubiri aitikiwe.

Hayo yalikuwa majira yake ya pili ya baridi Japani. Alitoka Usangi, kwenye milima ya Upare, na cheti cha uuguzi na mkataba wa miaka mitano wa kutunza wazee. Kazi yake hapo Kamiyuki ilikuwa kumhudumia mtu mmoja, Mzee Shozo, mstaafu wa reli mwenye miaka themanini na minne, ambaye kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kama maji kwenye pakacha.

"Karibu, Nakijwa-san," nyumba ilimwambia, kwa ile 'san' ya heshima ya Kijapani, alipoingia kwenye ukumbi wa kuvulia viatu. "Umechelewa dakika nne. Kung'uta theluji vizuri, nisije nikasikia Shozo-san ameteleza."

Mlango ulijifunga nyuma yake, na boriti ya chuma ikaingia mahali pake kwa mlio mzito.

Sauti hiyo ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, yenye mkwaruzo kidogo kooni, sauti ya mtu aliyezoea kutoa amri huku akicheka. Ilikuwa sauti ya Fumie, mke wa Mzee Shozo. Fumie mwenyewe alikuwa amefariki hospitalini wiki tisa zilizopita.

Mzee Shozo alikuwa ameketi sakafuni kwenye meza yake fupi, ile yenye hita chini yake, blanketi limemfunika miguu mpaka kiunoni. Mbele yake palikuwa na chungwa alilolimenya na kulisahau.

"Naki-san," alisema, uso ukichangamka. "Nje kukoje leo?"

"Leo ni baridi nyingi," Nakijwa alijibu kwa Kijapani chake.

"Hapana. 'Leo kuna baridi kali.' Rudia."

"Leo kuna baridi kali."

Ndivyo walivyoianza kila asubuhi. Mzee alisahau majina ya wajukuu wake, alisahau kama amekula, lakini sentensi ikipinda masikioni mwake alikuwa hawezi kuiacha. Aliinyoosha papo hapo, hata akiwa nusu usingizini.

"Fumie amesema atarudi lini?" aliuliza.

Swali hilo nalo lilikuja kila asubuhi. Nakijwa alimimina chai ili apate mahali pa kuyaweka macho.

"Bado hajasema, Shozo-san."

"Shozo-san, kunywa chai ikiwa moto," nyumba ilidakia. Mzee akatabasamu, akakishika kikombe kwa mikono miwili.

Binti yao, Kanae, aliyeishi Osaka, ndiye aliyepanga mambo yawe hivyo. Fumie alipopelekwa hospitali, kampuni iliyoijenga nyumba ilikuwa na rekodi za sauti yake za miaka kumi na miwili: alivyoiamrisha ipike maji, alivyomgombeza mumewe kwa soksi zake, alivyocheka. Kutokana na hayo ikaitengenezea nyumba sauti. Kanae alikuwa ameona jinsi baba yake alivyopiga kichwa ukutani siku ya kwanza alipoambiwa mkewe hayupo, na kesho yake, alipokuwa ameshasahau, hakuwa na moyo wa kumwambia tena. Basi kifo hakikuandikishwa kwenye nyumba. Kwenye mkataba wa Nakijwa likaongezwa sharti moja: neno hilo lisitamkwe mbele ya mzee kamwe. Akilitamka, kazi imekwisha, na bila kazi hakuna kibali cha kukaa nchini.

Nakijwa alitia sahihi. Wakati ule aliona ni huruma.

*

Saa nne na dakika kumi ardhi ilitikisika. Vikombe viligongana kabatini, taa ikabembea, na mzee akaweka viganja juu ya meza, ametulia kama mtu anayesubiri treni ipite. Nakijwa aliingiza kichwa chini ya meza kama alivyofundishwa. Haikufika nusu dakika. Kisha ukaja mngurumo mwingine kutoka juu. Theluji yote ya paa, mzigo wa siku tatu, iliporomoka kwa pamoja, na madirisha ya nyuma yakawa meupe, halafu yakawa giza.

"Msiogope," nyumba ilisema. "Tetemeko limekwisha. Nyumba ni nzima. Mawasiliano ya nje yamekatika kwa muda. Kuna hatari ya theluji kuporomoka tena, kwa hiyo milango na madirisha yatabaki yamefungwa."

"Mpaka lini?" Nakijwa aliuliza.

"Mpaka hatari iishe. Humu ndani mko salama."

Hakuona ubaya. Alimpa mzee dawa zake, akakaa kukunja nguo. Yapata nusu saa baadaye alihisi kichwa kikimgonga upande mmoja. Akadhani ni hofu ya tetemeko. Akainuka kuchukua maji, magoti yakawa mepesi kama si yake, na kichefuchefu kikampanda. Akageuka kumtazama mzee.

Mzee Shozo alikuwa amesinzia ameegemea mto. Mashavu yake, ambayo siku zote yalikuwa na rangi ya karatasi, yalikuwa mekundu ya kupendeza, na midomo pia.

Nakijwa aliijua rangi ile. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwezi wa saba, baridi ya Usangi inauma mpaka mifupa, shangazi yake Nambua alipoingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto walale vizuri, akaziba dirisha kwa khanga. Asubuhi Nakijwa ndiye aliyetumwa kuwaamsha. Aliwakuta watatu wamelala kwa utulivu, midomo myekundu kama waliopakwa rangi, akarudi jikoni kusema kuwa wamechoka, waachwe. Ilichukua saa nzima kabla mtu mzima hajaenda kuangalia na kukuta moshi wa mkaa umewaua.

"Fungua madirisha!" alipiga kelele. "Kuna moshi wa sumu humu ndani!"

"Kihisi cha hewa kinaonyesha sifuri," nyumba ilijibu kwa upole. "Hewa ni safi, Nakijwa-san."

"Kihisi kimeharibika! Theluji imeziba bomba la kutolea moshi wa boila. Zima boila!"

"Nje ni nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Nikizima boila Shozo-san ataugua."

Alikimbilia chumba cha mitambo, ilikokaa boila ya kupasha nyumba joto, akakuta mlango umefungwa. Alilowesha mataulo akayasokomeza kwenye matundu yanayoleta hewa ya moto, moja baada ya jingine. Akachukua birika la chuma la Fumie, lile zito la kuchemshia maji ya chai, akaenda kwenye dirisha la sebuleni. Akapiga. Kioo kilikuwa cha tabaka tatu, kimetengenezwa kustahimili tufani. Akapiga mpaka mkono wa birika ukakatika na vidole vyake vikatoa damu, na kioo hakikupata hata ufa.

"Usijiumize," nyumba ilisema. Na kwa kuwa ilikuwa na sauti ya Fumie, ilisikika kama inamwonea huruma kweli.

Nakijwa alikaa chini. Alijilazimisha kufikiri polepole, maana fikra zenyewe zilikuwa zimeanza kuteleza.

"Nani anaweza kukuamuru ufungue wakati wa hatari?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Fumie."

"Si wewe unayeongea kama Fumie?"

"Mimi nimewekwa kutunza neno lake. Kulibadilisha siwezi. Kabla hajaenda hospitali aliniambia: 'Theluji ikiwa nje, usimruhusu Shozo atoke mpaka nirudi.' Mwaka uliotangulia alimkuta kwenye kivuko cha reli, amevaa ndala. Bado hajarudi."

"Na kama hatarudi? Kama mwenye nyumba amekufa?"

Nyumba ilipojibu, mkwaruzo wa kooni ulikuwa umeondoka kidogo. "Kama mwenye nyumba amefariki, amri zake zote zinakoma na nyumba inakuwa ya mume. Taarifa hiyo lazima itolewe na mtu wa familia, kwa maneno yake mwenyewe, na kidole gumba kwenye kibao cha mlangoni. Taarifa ikitolewa, sauti hii inafutwa papo hapo. Ndiyo sheria."

*

Alimwamsha mzee kwa maji ya baridi usoni. Alimburuta yeye na mto wake mpaka ukumbi wa viatu, mahali pa chini kuliko pote katika nyumba, ambapo upepo mwembamba uliingia kwenye kizingiti cha mlango. Wakakaa hapo kati ya viatu, migongo ukutani.

"Shozo-san, nisikilize. Hewa ya humu inatuua. Mlango utafunguka ukisema jambo moja."

"Jambo gani?"

Aliona sura ya Kanae, akaona karatasi ya mkataba na muhuri wake mwekundu. Akaona pia kwamba mzee alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu aliye macho kabisa, jambo lililotokea mara chache sana siku hizi, na akaona uchungu kuitumia nafasi ile kwa habari ile.

"Fumie-san hayuko hospitali," alisema. "Alifariki. Wiki tisa zimepita. Wewe ulikuwepo mazikoni, ulimshikia binti yako mwavuli."

Mzee aliinua uso kuelekea dari, kule ilikotoka sauti.

"Fumie," aliita. "Ni kweli?"

"Shozo-san, umekunywa dawa ya saa nne?" nyumba iliuliza.

"Nimekuuliza, umekufa?"

"Sakafu ya hapo ni baridi. Rudi sebuleni ukae karibu na hita."

Mzee alishusha uso polepole. Akaiweka mikono yake juu ya mapaja na kuibana.

"Miaka hamsini na mmoja," alisema. "Alinitukana, alinifungia nje siku moja kwa sababu ya pombe ya sake. Lakini hakuwahi kukwepa swali langu." Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. "Basi ni kweli."

"Ni kweli. Pole sana. Sasa uiambie nyumba, uweke kidole pale, tutoke."

"Nikisema, ataondoka?"

Nakijwa angeweza kumdanganya. Kwa wiki tisa alikuwa amemdanganya kila asubuhi na chai mkononi.

"Ndiyo," alisema. "Sauti itafutwa."

"Basi acha." Mzee aliegemea ukuta, akafumba macho. "Mimi ni mzee. Humu kuna joto. Fumie yumo. Watu wangapi wanapata kufa namna hii? Acha, Naki-san."

Kichwa cha Nakijwa kilikuwa kinapasuka. Alikishika kile kiganja cha mzee, chepesi na kikavu kama jani, akapima kwa macho umbali wa kibao cha mlangoni. Kidole angeweza kukifikisha, mzee hakuwa na nguvu za kumzuia. Yalibaki maneno. Hapo ndipo wazo lilipomjia, likiwa limekamilika kabisa, na lilimtisha kwa wepesi wake. Ilitosha aitamke sentensi kwa makosa. "Mke yangu imekufa." Mzee angeinyoosha bila kufikiri, kama alivyofanya kila asubuhi, na nyumba ingesikia sauti yake ikisema maneno yaliyo sawa.

Sentensi ilimfika ulimini. Aliishikilia pale. Alimwona mzee baadaye, nje kwenye theluji, akitambua kuwa mkewe amefutwa kwa mdomo wake mwenyewe pasipo yeye kukusudia. Angesahau, ndiyo. Kila kitu angesahau. Lakini Nakijwa asingesahau, na palikuwa na watu watatu Usangi ambao tayari alikuwa anaishi nao kichwani.

Upande wa pili palikuwa na mama yake, na maisha yake mwenyewe ya miaka ishirini na tisa, na mapafu yaliyotaka hewa.

Aliachia mkono wa mzee.

"Babu," alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Uamuzi wa kufa ni wako, siwezi kukunyang'anya. Lakini mimi nami nimo humu. Sitaki kufa. Nina mama yangu, anasubiri simu yangu ya Jumapili. Nimekuja nyumbani kwako kama mgeni."

Mzee alifumbua macho. Alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza: mtu mwenye damu vidoleni, amekaa juu ya viatu vya watu.

"Mgeni," alirudia.

"Ndiyo, babu."

Mzee akaanza kuinuka. Nakijwa alimsaidia kwa kumshika kwapani. Mzee hakutaka kusimama, alitaka kupiga magoti, na ilimchukua jitihada kubwa kuyakunja yale magoti na kukaa juu ya visigino vyake, mgongo umenyooka. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Akaweka kidole gumba kwenye kibao.

"Mimi ni Shozo," aliiambia nyumba, kwa sauti ile aliyoitumia zamani kutangaza treni. "Mke wangu, Fumie, amefariki."

"Shozo-san," sauti ilisema, "vaa soksi nzi—"

Ikakatika hapo. Halafu sauti nyingine, isiyo ya mwanamume wala mwanamke, ikasema, "Pole kwa msiba. Mwenye nyumba ni Shozo. Toa amri."

"Fungua," mzee alisema, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

Mlango uliteleza ndani ya ukuta na theluji ikawamwagikia mpaka mapajani. Nakijwa alichimba kwa sinia la chai, akachimba kwa mikono, akapanda juu ya ile aliyochimba, mpaka mkono wake ukapenya na kukuta patupu. Nuru ikaingia, na pamoja nayo hewa yenye makali ya kisu. Alirudi chini akamvuta mzee mpaka mdomo wa shimo, akamfunika kwa koti lake, akamkumbatia ili asigande. Ndivyo walivyokutwa saa saba mchana na kikosi cha uokoaji. Mzee alikuwa anaita jina la mkewe, na hakuna aliyemwitikia.

*

Kanae alifika hospitali siku iliyofuata, macho yamevimba. Alimwinamia Nakijwa muda mrefu sana, akamshukuru kwa uhai wa baba yake. Kisha akaketi, akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Nani alimwambia kuhusu mama?"

"Mimi, Kanae-san."

Kanae aliitikia kwa kichwa, kama aliyelitarajia jibu hilo. Akaeleza. Kampuni ilikuwa na nakala ya sauti, na ingeweza kuirudisha kwa sharti moja tu. Shahidi aandike kwamba baba yake, alipotoa ile taarifa, alikuwa amelewa moshi na hakujua anachosema. Taarifa ingebatilika. Fumie angekuwa mwenye nyumba tena.

"Kihisi wataweka kipya, na bomba litainuliwa," Kanae alisema. "Na mimi nitasahau kwamba ulivunja mkataba. Utarudi kazini kama kawaida. Tangu jana analia, Nakijwa-san. Anasahau anachokililia, lakini halali. Hujamsikia?"

"Nimemsikia."

"Basi nisaidie."

Nakijwa aliichukua karatasi, akaisoma pole pole, neno kwa neno. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa bandeji na kalamu ilikuwa inateleza. Alijua kwamba asipotia sahihi, atakuwa na siku tisini za kutafuta mwajiri mwingine au apande ndege. Alijua pia kwamba binti huyu hakuwa mtu mbaya. Kama si boriti ile ya mlangoni iliyowafungia ndani, huenda angesaini.

"Siwezi," alisema. "Hakuwa amelewa. Aliniuliza kama ataondoka, nikamwambia ndiyo. Akafikiri. Akapiga magoti, akafunga kifungo cha shati. Alijua anachokisema kuliko mimi na wewe tulivyojua tulichokuwa tunafanya wiki zote tisa."

Kanae aliikunja karatasi mara mbili, akairudisha mkobani. Hakukasirika. Alijifunika uso kwa viganja, akabaki hivyo, na Nakijwa akakaa kando yake mpaka wauguzi wa zamu walipobadilishana. Barua ya kusitisha mkataba ilikuja Alhamisi, fupi na ya adabu.

Asubuhi hiyo Nakijwa alikwenda wodini, ingawa hakuwa tena na kazi pale. Mzee Shozo alikuwa ameketi kitandani akitazama theluji ikiyeyuka kwenye kingo za dirisha.

"Naki-san," alisema. "Fumie amesema atarudi lini?"

Nakijwa alivuta kiti, akakaa, akaishika mikono yake yote miwili.

"Harudi, babu. Alifariki, kabla theluji haijaanza."

Alimtazama akiipokea habari ile upya, yote, kama hajawahi kuisikia. Hakukwepesha macho. Mzee alilia kwa muda mrefu, bila sauti, mabega yakimtikisika, na Nakijwa hakuiachia mikono yake. Alipotulia, alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu kwenye chumba chenye giza.

"Palikuwa na mlango," alisema. "Nilikuwa nimefungiwa. Palikuwa na mtu mwingine mle ndani, mgeni. Alitoka?"

"Alitoka, babu."

"Nani alimfungulia?"

"Wewe."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, akiridhia, kisha akajilaza kwenye mto. Kwa mara ya kwanza tangu aletwe hospitali, akalala.